Shamba la Neptuni

Mwalimu Zita alikuwa na muda mpaka Ijumaa. Afisa elimu alimwandikia kwamba nafasi imepatikana Sumbawanga, kwao, na kama bado anataka uhamisho ajibu kabla wiki haijaisha. Mwingine angejibu papo hapo. Zita aliulilia uhamisho huo miaka mitatu, tangu siku lori lilipomshusha kijijini Kitura, vumbi mpaka kwenye kope, akaitazama ile milima na kujiambia kwamba hapa si mahali pa kukaa binadamu. Sasa ilikuwa Jumatano na hajaandika hata neno. Hakujua kwa nini, na kutokujua huko kulimkera.

Jumatano ilikuwa siku ya darasa la watu wazima. Wanafunzi wake walikwisha kujua kusoma, wakachoshwa na vijitabu vya mbolea na vya kuchemsha maji. Walitaka habari za mbinguni, maana Desemba redio ilitangaza kwamba chombo kisicho na mtu kimepita karibu na sayari ya Mshtarii. Basi wiki mbili nyuma Zita aliweka ungo mlangoni, akasema tuseme hili ni jua. Dunia ikawa punje ya mtama, hatua sabini kutoka pale. Mshtarii ikawa limau dogo. Neptuni ikawa tunda la kahawa, hatua zaidi ya elfu mbili, ng'ambo ya bonde. Pluto waliiacha, ingeangukia mtoni.

"Na mtu atafika huko lini?" aliuliza Mzee Ildefonsi, mkulima wa kahawa asiyekubali jambo kabla ya kuligeuza mara tatu.

"Mwezini wameshafika, Mzee. Neptuni safari peke yake huenda ikala miaka kumi na zaidi. Labda wajukuu wa wajukuu zetu. Lakini nani atakubali kwenda mbali hivyo, aache kwao?"

Darasa zima lilimtazama. Mama Notburga, jirani yake Ildefonsi, akakohoa na kuinamisha uso. Zita hakuelewa kisa, akaendelea na kazi: kila kikundi kikachimbe shimo dogo la alama mahali pa sayari yake. Neptuni akawapa Ildefonsi na Notburga.

Kumwambia Mmatengo, mwenyeji wa milima hii, achimbe shimo dogo ni kosa la mgeni. Shimo kwake ni ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, na ngoro moja haina maana bila nyingine kuuvisha mlima mzima ili mvua isiondoke na shamba. Zita aliyaona hayo kila mwaka kutoka dirishani. Jembe la huku hakuwahi kulishika.

Basi Jumatano hii, wiki mbili baadaye, wakaenda kukagua. Mshtarii ilikuwepo, ila mbuzi alikwisha kuionja. Wakashuka bondeni, wakavuka kijito, wakapanda, Zita akihema na kupoteza hesabu ya hatua. Walipofika juu akasimama mdomo wazi. Mteremko mzima ulikuwa ngoro mbichi, safu kwa safu, na katikati Mzee Ildefonsi na Mama Notburga wameegemea majembe yao.

"Shikamooni. Mzee, si nilisema shimo moja!"

"Marahaba, Mwalimu. Moja? Mtu asafiri miaka kumi, afike akute kishimo na tunda la kahawa? Atakula nini huyo?"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Zita naye akacheka.

"Sasa shamba lote hili la nani?"

"La yule aliyekubali kutoka mbali," alisema Mama Notburga. "Uliuliza, mwanangu, tukaona haya kukujibu. Ulikuja hujui lugha yetu, humjui mtu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umekaa miaka mitatu hatujakupa. Kosa ni letu. Kamati ya kijiji imeshakubali, chukua."

Zita aliona furaha, akaona na aibu, kwani kumbe miaka yote hiyo hakuwa akilia kwa sababu ya umbali. Alilia kwa kukaa mahali asipokuwa na pake. Akavua viatu, akapokea jembe na maharage ya mbegu, akaanza kupanda. Alipanda vibaya kabisa, na hakuna aliyemficha.

"Haya tutayavuna Juni," alisema Mzee Ildefonsi, akimfuata nyuma na kurekebisha. "Desemba tunatia mahindi humohumo. Lakini nasikia unahama. Desemba nani atapanda?"

"Watu wana maneno," alisema Zita bila kuinua kichwa. "Nitapanda mwenyewe. Wewe nionyeshe tu mstari, Mzee, huu nimeupinda."