Karatasi za Mama Laurentine

Treni ya Kasai ilikuwa imeshafungwa injini pale stesheni ya Kolwezi, na Tshiamala Polycarpe alikuwa akimpandishia mkewe masufuria kwenye behewa, wakati Kisimba alipofika na walinzi wawili. Kisimba alikuwa mkuu wa walinzi wa kampuni ya shaba. Walifahamiana miaka kumi na miwili, na hata siku hiyo alivua kofia kwanza.

"Tata Polycarpe, shuka. Tunarudi na weye ku kampuni. Mardi asubui, magari munane ya shaba ilitoka. Mutu alifuta bibali yao mu mashini ya mulango, na aliingia na jina yako."

Ndaya, mkewe, akapiga yowe. Wiki tatu walikuwa wamelala pale kwenye saruji na watoto wanne, tangu vijana walipowatoa nyumbani kwa mapanga na nyimbo, eti kwa sababu babu zao walitoka Kasai. Treni ikiondoka na Polycarpe yuko mikononi mwa walinzi, yeye angeozea gerezani, na Ndaya angeshuka Mwene-Ditu, kule Kasai, peke yake, mahali asipomjua mtu hata mmoja.

"Mardi nilikuwa hapa, chef, Jumanne muzima."

"Nani alikuona?"

"Batu bote hawa."

"Batu bote hawa ni ba kwenu, tata."

Mwingine angepiga magoti. Polycarpe akajipangusa vumbi mikononi, akacheka. Loo, bwana huyu alikuwa na kiburi cha fundi, na kiburi hicho alikuwa amekitolea jasho. Zamani kila mashini ya kampuni, kuanzia lango la magari mpaka ofisi ya kule bwawani Nzilo, ilijiandikia yenyewe nani ameingia, nani ametoka, amefanya nini na saa ngapi. Mwizi akiiba mahali, anafuta hapo hapo, anakwenda zake kula. Polycarpe akavuta waya, akabembeleza wakubwa, akagombana nao, mpaka kila tukio likawa linakimbilia mashini moja ya kati na kuchapwa papo hapo kwenye karatasi. Wenzake walimtania kwamba hata mbu akiingia Nzilo, Polycarpe atajua. Utani huo aliupenda sana.

"Chef, mwizi anaweza kufuta mu mashini ya mulango. Anaweza kufuta hata mu ile ya kati. Karatasi je? Ataifuta na nini, na mate?"

"Louis anasema karatasi ya mardi aliichoma. Eti ilikuwa imelowa."

Louis ndiye aliyekalia kiti cha Polycarpe, mbele ya mashini ya kati, wiki hizo tatu. Kazi alifundishwa na Polycarpe mwenyewe, herufi kwa herufi.

"Louis achome karatasi muzuri, mwaka huu? Na tantine yake anauzisha karanga?"

Hapo hata walinzi wakacheka. Kampuni ilikuwa inaanguka vipande vipande, maduka matupu, watoto wanaandikia kwenye mifuko ya saruji. Nani angechoma karatasi? Wauza karanga walifungia karanga kwa karatasi yoyote waliyopata, hata barua za wakubwa na ramani za migodi. Na Mama Laurentine, dada wa mama yake Louis, alikuwa ameweka meza yake pale pale stesheni, kwa sababu wenye njaa walikuwa pale.

Polycarpe akatangulia, mikono nyuma, utadhani yeye ndiye aliyemkamata Kisimba.

"Bonjour, Mama Laurentine. Tunabeba karanga yote. Chef Kisimba ndiye anakununulia."

"Mi?" Kisimba akauliza.

"Weye."

Wakaanza kufungua vifuko kimoja kimoja, walinzi wanatafuna, chumvi inawamwagikia buti. Ijumaa. Jumatatu. Jumanne, lakini jioni. Injini ikapiga honi, Ndaya akaita kutoka mlangoni mwa behewa, na Polycarpe akararua kifuko kwa haraka, karanga zikamwagika. Aliogopa, jamani, tusimsingizie ushujaa. Akaendelea kufungua.

Aliyekipata ni Kisimba. Akasoma polepole, kwa sauti.

"Mardi. Mulango ya magari. Saa tatu na dakika kumi, Louis ameingia. Dakika kumi na moja, Louis ametoka. Dakika kumi na moja, Tshiamala ameingia. Bibali munane bimefutwa." Akainua macho. "Kwa nini aliingia kwanza na jina yake mwenyewe, huyu mupumbavu?"

"Mazoea. Mi njo nilimufundisha: mbele ya kugusa kitu, ingia na jina yako."

Mama Laurentine akajishika kichwa. "Louis! Mwana ya dada yangu!"

Honi ya pili. Kisimba akakunja karatasi kwa uangalifu. "Tata, bakia. Ile mashini haina mutu. Mi nitakulinda."

"Utalinda Ndaya ku soko? Utalinda batoto ku masomo?"

Mdogo wake Kisimba mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioimba zile nyimbo.

"Basi unifanyie kitu moja. Jina yangu ingali wazi mu mashini, njo maana mwizi aliivaa. Muifunge leo. Na pale ku karatasi uandike na saa."

Kisimba akatoa kalamu. "Tshiamala ametoka..."

Polycarpe akamshika mkono. "Hapana. Ametoka ni neno ya mutu anarudia kazi kesho. Andika nilifukuzwa."

"Mashini haina ile neno, tata."

"Najua. Ni mi niliipanga. Andika na mukono."

Kisimba akaiweka karatasi juu ya mgongo wa mlinzi, akaandika, chini kabisa ya mistari ya mwizi: Tshiamala Polycarpe, amefukuzwa, saa sita na dakika kumi na mbili. Akatia sahihi bila kuombwa.

Magurudumu yakaanza kulia. Polycarpe akakimbia, Ndaya akamvuta ndani kwa shati. Alipogeuka kutazama, Kisimba alikuwa bado amesimama katikati ya maganda ya karanga, kofia mkononi.