Kibati cha Cornel

Mwinshehe alikuwa na haki ya kuchukua kitu chochote cha Cornel, na haki hiyo aliitumia bila huruma. Yeye Msagara wa Kilosa, mwenzake Mnyamwezi wa Tabora. Makabila yao ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hashtakiwi. Akiikuta kofia ya Cornel msumarini, anaivaa na kwenda zake. Akikuta chungu cha nyama jikoni kwa Letisia, mke wa Cornel, anafunua na kuchota kabla hajakaribishwa. Cornel naye hakulaza damu. Siku alipofariki baba yake Mwinshehe, Cornel aliingia kaburini akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, wakitaka wamchimbie marehemu shimo lingine. Mwinshehe alikuwa hajalia tangu asubuhi. Alicheka mpaka machozi yakapata njia.

Walikuwa wakiishi kambini, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Kilosa, miaka ile Mwingereza akitawala. Mwinshehe alikuwa dereva wa lori. Cornel alikuwa fundi umeme, na tangu arudi kutoka Dar es Salaam na cheti chake, baada ya miezi mitano ya masomo, alikuwa mtu wa kanuni. Jumamosi moja aliwakusanya watu wa kiwandani mbele ya nyumba ya injini ya umeme akawafundisha. Kwanza unazima swichi. Halafu unatundika kibati juu yake, kibati chekundu kilichoandikwa USIWASHE, MTU YUKO KAZINI, na aliyekitundika ndiye peke yake wa kukitoa. Ukishafika kwenye nguzo unapima waya kwa taa, hata kama umezima kwa mkono wako mwenyewe. Na kabla hujagusa kitu unazifunga nyaya zote pamoja kwa mnyororo, ncha yake unaichomeka ardhini, ili umeme ukija kwa bahati mbaya upite huko, usipite kwako. Alikuwa ameomba na kufuli za swichi. Meneja alimjibu kwamba kibati kinatosha.

"Jamani, Mnyamwezi anaufunga umeme kamba kama mbuzi!" Mwinshehe alipaza sauti kutoka nyuma. "Mtauchinja lini, tuje na sahani?"

Watu wakavunjika mbavu. Cornel naye akacheka, maana kumkasirikia mtani ni aibu.

"Cheka, mtumwa wangu," alisema. "Cheka, lakini sikiliza."

Mwinshehe alicheka. Kusikiliza, alisikiliza nusunusu, kama tunavyosikiliza wengi wetu mtu tuliyemzoea anapoanza kusema mambo ya maana.

Jumanne yake, saa nne asubuhi, alipita kwenye nyumba ya injini akielekea kwenye lori. Alikuwa na safari ya Mikumi kuchukua nguzo. Mzee Oswald, mwendesha injini, alikuwa amekwenda kunywa uji. Swichi ilikuwa imezimwa na kibati kinaning'inia. Kule mbali, karibu na korona, ile mashine ya kuchana majani ya mkonge, Cornel alikuwa juu ya nguzo akibadilisha nyaya.

Mkono wa Mwinshehe ulikwenda wenyewe. Ukimuuliza aliwaza nini, atakwambia aliwaza sura ya Cornel akitafuta kibati chake, na matusi matamu atakayotukanwa jioni. Zaidi ya hapo hakuwaza kitu. Alikitia mfukoni mwa shati akaondoka akipiga mluzi.

Alifika Mikumi saa saba kasoro. Kando ya barabara ya Iringa palikuwa na banda la chai la Fausta, mwanamke aliyesomea misheni, mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha karibu. Mwinshehe alikunywa chai yake, akala maandazi, na vijana walipoanza kumpangia nguzo garini akakitoa kibati ili amchekeshe.

Fausta alifuta mikono kwenye kanga akakisoma kwa sauti. "Usiwashe. Mtu yuko kazini." Akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. "Na huyo mtu bado yuko kazini?"

Mwinshehe alimpokonya kibati.

Alikuwa ameyasoma maneno yale mara ishirini. Leo, kwenye sauti ya mtu asiyemjua Cornel, ndipo yalipomwingia. Majani yaliyokatwa huletwa na troli saa nane. Korona huanza kunguruma saa tisa, na korona ikichelewa majani hukauka, na majani yakikauka mnyapara Wenceslaus hugeuka simba. Mzee Oswald ataitazama swichi. Ataona hakuna kibati.

"Shusheni!" aliwapigia kelele vijana. "Shusheni nguzo zote!"

"Kaka, tumekwisha pakia nusu..."

"Shusheni nimesema!"

Akawasaidia kuzisukuma chini kwa mikono yake mwenyewe, akachubuka, hakujali. Saa saba na robo alikuwa barabarani, na mbele yake maili arobaini na tano za udongo.

Lori lile lilikuwa zee. Ukilikimbiza linatetemeka, ukilitukana linazima, kwa hiyo Mwinshehe alilibembeleza. Alijiambia Cornel amekwisha kushuka zamani, yuko kwake anakula ugali. Alijiambia mzee Oswald ni mtu makini, atauliza kwanza. Kisha akakumbuka nyaya zile zina nguzo kumi na mbili, na Cornel hafanyi kazi kwa haraka, na mzee Oswald anamwogopa Wenceslaus kuliko ugonjwa. Tumaini likija linasukumwa na hofu, hofu ikitulia tumaini linarudi kumdanganya tena.

Hakuwa amekwenda mbali alipowakuta tembo, jike na mtoto wake, wamesimama katikati ya barabara. Honi hakuthubutu kupiga. Alikaa mikono juu ya usukani, akimtazama yule mama anavyong'oa jani moja moja, hana habari na mtu. "Mama, nakuomba," Mwinshehe alinong'ona. "Nina mtu wangu kwenye nguzo." Tembo alimaliza alichokuwa akila, akamsubiri mwanawe, akaondoka kwa muda wake.

Kwenye mto Miyombo maji ya injini yakachemka. Ikambidi asimame, ashuke mtoni na debe, apande, amwage, ashuke tena. Jua lilikwisha kupinda kuelekea magharibi. Hapo mtoni, debe mkononi, ndipo alipoukumbuka mnyororo. Ile kamba ya mbuzi! Kama Cornel ameufunga leo, kama hakuona uvivu, kama kicheko cha Jumamosi hakikumtia haya akauacha chini! Mwinshehe alimwomba Mungu kwamba rafiki yake awe amempuuza yeye, Mwinshehe, na kila neno alilowahi kusema.

Alifika saa kumi kasorobo. Kabla hajazima gari alijua, kwa sababu korona ilikuwa kimya. Majani mabichi yamejaa kwenye troli, watu wamesimama makundi makundi, hawafanyi kazi na hakuna anayewafokea. Mzee Oswald alikuwa ameketi chini mlangoni pa nyumba ya injini, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee Oswald."

Mzee hakuitikia. Mwinshehe hakuwahi kuona shikamoo inaachwa hewani namna ile.

"Nilitazama," mzee alisema mwishowe. "Nikatazama tena. Kibati hakuna. Nikaita, hakuna aliyejibu. Wenceslaus ananipigia kelele majani yanakauka. Nikasema basi, Cornel ameshuka. Nikawasha."

Mwinshehe alichuchumaa, akakitoa kibati, akakiweka mbele ya miguu ya mzee.

"Nilikichukua mimi," alisema. "Amekufa?"

Oswald alitikisa kichwa. "Mnyororo uliupokea umeme. Fyuzi zimelia kama bunduki. Lakini moto uliruka palepale kwenye mnyororo, ukamla mkono wa kulia. Yuko kwake, mganga wa zahanati amemfunga. Anasema vidole viwili havitakunjika tena."

Wenceslaus alikuwa amesogea, na alisikia yote. Mwinshehe alisimama akamgeukia, tayari kwa kofi, tayari kwa kufukuzwa, na akivitamani vyote viwili.

"Kwani nyie si watani?" Wenceslaus alisema, akasonya. "Mtajuana wenyewe. Utani hauna kesi."

Hilo lilimuuma kuliko kofi.

Alikwenda kwa Cornel kwa miguu, njia nzima akitafuta neno la kuingilia. Mlangoni hakubisha, maana hajawahi kubisha. Cornel alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, mkono umeviringishwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Letisia alikuwa miguuni pake. Hapakuwa na haja ya kuwaeleza. Habari za kambini hazingoji miguu.

"Mtumwa wangu," Mwinshehe alisema. "Mtumwa wangu, unalala mchana kama bwana shamba?"

Cornel alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

"Karibu, Bwana Mwinshehe," alisema. "Habari za safari?"

Mwinshehe alisubiri tusi.

"Cornel, nitukane."

"Kwa nini nikutukane? Kwa mila zetu sina kesi na wewe. Letisia, mpe mgeni kiti."

"Nitukane, nakuomba. Nitukanie baba yangu, kule kaburini ulikolala! Chukua kuku wangu wote, chukua baiskeli..."

"Sitaki kitu chako," Cornel alisema kwa upole. "Mimi kule juu niligeuza uso nikaona moto, nikajua nimekufa. Nilipoambiwa kibati kimechukuliwa, sikuuliza ni nani. Nilijua. Na nikaogopa mkono wako. Mtu unayemwogopa huwezi kutaniana naye, Bwana Mwinshehe."

Letisia alileta kiti, kisha akaleta maji kwenye bilauri, juu ya sinia, kwa mikono miwili. Mwinshehe alikuwa hajawahi kuliona sinia lile isipokuwa siku alipokuja padri. Nyama ilikuwa ikichemka jikoni, harufu imejaa nyumba nzima. Aliketi, akanywa maji, akashukuru. Cornel alimwuliza hali ya barabara, akamjibu kwamba si nzuri. Kisha akaaga.

Kofia ya Cornel ilikuwa msumarini karibu na mlango, kwenye kimo cha mkono wake. Akaipita.