Gari Walilopewa Wasioona wa Bigwa

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, Mzee Benedikto alilifikisha Escudo lake la kijani kwenye chumba kilichopangwa na Chama cha Wasioona pale Bigwa, akazima injini na kuwasalimia wanachama kumi na wanne kwa mkono, mmoja mmoja. Alikuwa mpimaji ardhi mstaafu. Alishanunua gari jingine, na hili lilikuwa limekaa uani kwake miezi minane bila mtu wa kulitaka, hata kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma.

"Limechoka kidogo," alisema, "lakini injini ni nzima. Ni sadaka yangu kwenu."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti, Bi Maimuna, mwanamke wa miaka hamsini na mbili asiyeona tangu kuzaliwa, alipapasa boneti, taa na milango, akashukuru na kupokea ufunguo. Chama kilihitaji gari la kwenda Mkuyuni kuchukua ukindu wa kusukia mikeka na vikapu.

Jumatatu akaitwa Frank, fundi wa jirani, aliendeshe. Gari halikuwaka. Frank akasafisha plagi, akabadilisha betri, akahangaika siku mbili. Halikuwaka.

"Labda halinitaki," akasema.

"Hebu nipishe," Bi Maimuna akasema. Akakaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akazungusha ufunguo. Likawaka mara moja.

Tangu siku hiyo akawa anaendesha yeye. Kazi haikuwa kubwa. Gari lilipunguza mwendo penye matuta, lilisubiri mbuzi wavuke, na liliwasha indiketa lenyewe. Askari wa barabarani aliwasimamisha mara moja, akaomba leseni. Bi Maimuna akampa kitambulisho cha chama. Askari akakisoma mbele na nyuma, akawaambia abiria wa nyuma wafunge mikanda, akawaruhusu.

Shida ilikuwa kurudi. Kila walipotoka Mkuyuni, gari lilikataa kwenda moja kwa moja chumbani. Lilikata kona, likapanda njia ya vumbi kuelekea mlimani, likasimama na kujizima. Baada ya nusu saa lilikubali kuondoka. Siku ya kwanza walidhani limechemsha. Siku ya tatu Mwinshehe, aliyepofushwa na surua akiwa mtoto na ambaye hakuna aliyemzidi kwa kusuka, alishuka kunyoosha miguu. Fimbo yake ikagonga saruji kwenye majani. Akapiga magoti, akafuta udongo kwa kiganja, akapapasa.

"Mwenyekiti," akaita, "hii ni bikoni, jiwe la mpaka wa kiwanja. Na namba iliyoandikwa hapa ni yetu."

Wote waliijua namba ile. Bibi Josephina, mwenye ardhi ya ukoo, ndiye aliyewapa kiwanja cha kujenga karakana. Mzee Benedikto alipomaliza kukipima, bibi aliwakaririsha namba mpaka ikawakaa kichwani, akafariki kabla ya kuwafikisha kiwanjani. Mzee Benedikto ndiye aliyewapeleka. Aliwashikisha kamba, akawazungusha mahali penye mteremko. Walipomuuliza mbona wanasikia maji karibu hivyo, alisema ni kijito cha jirani. Ukuta wa karakana waliuanza mara mbili, na mara zote mbili mvua za masika ziliondoka nao.

Mlango wa nyumba iliyojengwa hapo ukafunguliwa. Akatoka Jesca, mwalimu aliyepanga hapo.

"Shikamooni. Mnamtafuta mwenye nyumba?"

"Ni nani?" Bi Maimuna akauliza.

"Mzee Benedikto. Aliijenga mwaka juzi."

Mwinshehe akaikalia bikoni, akakataa kuinuka mpaka akashikwa mikono miwili. Kisha Bi Maimuna akaendesha hadi kwa Mzee Benedikto, aliyekuwa barazani akimenya chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari linasumbua? Klachi yake ni ngumu, ungevaa viatu."

"Halisumbui. Limetufikisha kiwanjani kwetu."

Mzee Benedikto akaendelea kumenya. "Mvua zikizidi, bikoni huwa zinahama."

"Na nyumba nayo ilihama?"

"Nendeni baraza la ardhi, mama. Mimi siwazuii."

Walikwenda. Waliahirishiwa mara nne. Mara ya tano wazee wa baraza walitandaza ramani, iliyochorwa na Mzee Benedikto, nayo ikaonyesha kwamba kiwanja cha chama kiko kule kwenye maji. Kuhusu gari, walikubali kwamba linajua njia, lakini haliwezi kuapishwa. Kuhusu Mwinshehe, walisema sheria inataka namba ya bikoni isomwe kwa macho. Wakafunga jalada.

Mzee Benedikto akaja kudai gari lake. Alilijaribu asubuhi nzima, halikuwaka, akapanda bodaboda akarudi kwake.

Bi Maimuna akawaita wenzake wapakie ukindu wao na kupanda. Siku hiyo hawakwenda Mkuyuni. Gari lilipanda mlimani moja kwa moja, likajizima mahali pake, na wao wakashusha mizigo yote na kuipanga kwenye baraza ya nyumba. Jesca akaondoa ndoo zake kuwapisha. Wakaanza kusuka.

Wanakuja kila siku, na jioni gari linawarudisha. Wateja sasa wanapajua. Hati bado ina jina la Mzee Benedikto, naye hupita kila wiki kukagua nyumba yake. Wiki iliyopita alisimama katikati yao.

"Bi Maimuna," akasema, "kisheria hapa ni kwangu."

"Najua, mzee wangu. Sogea kidogo, umekanyaga ukindu."

Akasogea.