Siku Baba Mkwe Alipokula kwa Mkorea

Ukitaka kumkera Fransiska, mwambie pale ufukweni hapakuwahi kuwa na hoteli. Vijana wa Izia, mtaani kwake mjini, siku hizi hubisha. Mkorea atoke kwao huko aje kupika samaki Ziwa Rukwa, mama, unatutania? Naye huwajibu kwamba yeye alikuwa msaidizi wa jikoni pale, na supu ile mpaka leo anaisikia kooni. Ukimjua vizuri, hapo unajua amekwisha kwenda bondeni kule ziwani, kabaki mwili tu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Wataalamu wa mpunga kutoka Korea walipiga kambi upande wa Milepa, kufundisha wanakijiji kuchimba mifereji. Mpishi wao alikuwa Bwana Ri, mtu mfupi, hasira zake karibu na kicheko chake karibu. Alizaliwa ufukweni kwao, na siku alipoonja maji ya ziwa akayakuta na chumvichumvi, akaliita bahari. Hakuna aliyemsahihisha. Akaomba kijiji kimjengee banda la nyasi mchangani, likaitwa hoteli ya kijiji. Jumamosi makarani na walimu wa mjini waliteremka mlima wa Lyamba kwenye Landrova ya serikali, roho mkononi, ili tu waje kukaa kwenye mkeka kuzunguka meza fupi, sufuria moja ikitokota katikati: perege, kambale, pilipili nyingi, na kabichi iliyovundikwa mtungini mpaka ikachachuka. Mara mojamoja Bwana Ri alifungua mkebe wake wa mwani mkavu kutoka kwao, mweusi, mwembamba kama karatasi. Alimgawia kila mtu kipande huku akimtazama mdomoni aone kama amependa. Wengi walimeza kwa adabu. Fransiska aliupenda kweli.

Sasa, Fransiska ni Mfipa, Mkatoliki wa kubatizwa angali mchanga. Mumewe Ambakisye, bwana shamba wa kijiji, alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, tena Mmoravian. Baba yake, Mzee Isakwisa, hakuitaka ndoa ile hata kidogo, maana alikwisha kumtafutia mwanawe binti wa nyumbani. Mwaka wa pili wa ndoa akatuma habari: anakuja mwenyewe kuona huyo mwanamke wa Kifipa kafundishwa nini kwao. Akimkuta hana adabu, Ambakisye aombe uhamisho, arudi Rungwe peke yake. Na Ambakisye, mume mwema ajabu lakini mbele ya baba yake kifaranga, alijibu ndiyo baba.

Kwa mila yao ya zamani mkamwana hamtazami baba mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke huingia porini ampishe. Hamtaji jina, hali naye, haketi alipo yeye. Kanisa lilimtoa mzee kwenye pombe, kwenye mila hiyo halikumtoa. Shangazi yake Ambakisye alimweleza Fransiska yote haya siku ya harusi, na binti akayashika kuliko katekisimu. Tangu mzee ashuke kwenye lori pale Milepa, Fransiska alimjua kwa kikohozi na kwa viatu vyake mlangoni, basi. Chakula alikipeleka Ambakisye. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka Bwana Ri akasikia kwamba baba yake bwana shamba yupo.

Mpishi akasema lazima mzee ale hotelini, mahali pa heshima. Fransiska akaomba asije kazini siku hiyo. Bwana Ri akashangaa. Kwao mkubwa asiposhika kijiko hakuna anayegusa chakula, na bakuli la baba mkwe hupelekwa na mkamwana mwenyewe, mikono miwili, ana kwa ana. Fransiska akajaribu kumweleza kwamba kwa wakwe zake ni mwiko. Mpishi akaelewa kwamba anamdharau mzee.

"Baba ya mume," alisema, amekasirika. "Wewe nampa. Hapana mtu mwingine."

Jumamosi ikafika. Wageni wameketi, sufuria inatokota, hakuna anayekula. Fransiska alikuwa nyuma ya ukuta wa matete na bakuli mkononi. Bwana Ri akamwita. Akamwita tena, sauti imepanda. Ambakisye akatazama mkeka kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Hapo Fransiska alimchukia mumewe kidogo, na akisimulia humkumbusha mpaka leo. Akitoka, kwa watu wa Rungwe hana adabu. Asipotoka, mpishi atamwaibisha mbele ya wote, na bado hana adabu. Njia zote mbili mume anakwenda. Machozi yakamtoka.

Akasikia kile kikohozi.

"Ambakisye, mgeni huyu anasemaje?"

Ambakisye akaeleza.

"Kwa hiyo watu wote hawa wana njaa kwa ajili yangu," mzee akasema. Mkeka ukachakarika. "Mwambie alete."

Fransiska akavuta kanga mpaka machoni, akatoka. Mzee Isakwisa alikuwa amegeuka, amewapa wote mgongo, anatazama ziwa. Mtu mzima yule, katika mahali pa heshima, ameketi kama mtoto aliyefukuzwa mezani, na mikono yake miwili ameipeleka nyuma ya kiuno, viganja wazi. Fransiska akapiga magoti, akaliweka bakuli kwenye viganja vile. Lilikuwa la moto, lakini viganja havikutikisika. Mzee akalizungusha taratibu mbele yake, akanywa, pilipili ikampalia mpaka mabega yakaruka. Akaendelea kunywa. Bwana Ri alisimama akimwangalia, hasira zote zimemwishia, halafu akainama chini kabisa kuuheshimu ule mgongo. Ndipo watu wakala.

Mzee hakugeuka. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kinyakyusa, ili kila aliyekuwepo asikie.

"Ambakisye, usiombe uhamisho. Na aliyeniletea aniongezee."

Wakorea walikwisha kurudi kwao. Ziwa lilipopanda lilichukua banda, likachukua na mchanga. Mzee Isakwisa alifia Rungwe, na siku ya maziko wanawake wa kule walimwambia Fransiska sasa ruhusa, amwone kwa mara ya mwisho. Ya mwisho, wakati ya kwanza hakuipata. Hakumtazama. Anajuta? Anajuta, asikudanganye. Alimpenda mzee yule kuliko alivyoweza kumwambia mtu, na sura yake haijui.

Ila ndugu wote wa mumewe wanasema kitindamimba wake, Anyosisye, ni babu yake mtupu: paji, pua, mpaka anavyotafuna. Basi Fransiska humtengea mtoto chakula, akaketi mbele yake kumtazama anavyokula, akamtazama weee, mpaka mtoto huona haya na kuuliza, mama, vipi?