Ushahidi wa Difu Mbili

Jumanne asubuhi, Musembi alikuwa amelala chali chini ya kijigari cheupe cha foo-wili, cha kuvuta kwa magurudumu yote manne, katika gereji yake mkabala na soko la mifugo la Garissa, akitafuta kinacholia. Mwenye gari alikuwa Koome, mtu wa bara aliyeletwa mjini kwa kazi ya usalama ambayo haijaandikwa kwenye mlango wa ofisi yoyote. Koome alijieleza kama mgonjwa anayeijua ndwele yake: kwenye lami gari liko kimya, akiingia mchangani na kuvuta foo-wili, chini kunagonga, akikata kushoto, kunagonga zaidi.

Mafundi wengine hubadilisha krosi, kiungio cha propela, kwanza, kufikiri baadaye. Musembi aliitikisa propela, mhimili unaounganisha mbele na nyuma, haikucheza. Akalipandisha gari juu ya magogo, akayazungusha magurudumu kwa mkono, na beringi zikapita laini kama samli. Ndipo akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye difu ya mbele, kasha la gia katikati ya magurudumu, mpini akautia sikioni, akamwambia Koome awashe na kuvuta foo-wili.

Mle ndani mtu alikuwa akipigwa. Kilichogonga kilikuwa nondo juu ya goti, kisha goti la pili, halafu vidole kimoja kimoja. Baina ya mapigo, sauti ilimuuliza wenzake wako wapi, naye akajibu kwamba wenzake ni ngamia. Kisha akamwita mkewe, Maka.

"Krosi nzuri, beringi nzuri," Musembi alisema, akijifuta mikono. "Ila kuna mtu anapigwa humu ndani, mkubwa."

"Anaweza kunyamazishwa?"

"Tumwage oili kwanza."

Ilitoka damu, ya moto, yenye nywele na ukucha mmoja. Musembi aliichuja kwa kitambaa, maana ndivyo unavyojua kama gia zinalika. Chembe za chuma hazikuwemo. Alimweleza Koome kwamba gia ni nzima, na Koome, aliyekuwa na wasiwasi wa gharama, akaenda hotelini kula nyama ya ngamia akiwa mwepesi wa moyo.

Maka alikuwa pale pale langoni mwa gereji, akiuza maziwa. Mumewe, Dagane, dalali wa ngamia, alichukuliwa sokoni mchana peupe, akatiwa katika gari dogo jeupe, na tangu siku hiyo hakuonekana. Sheikh alikuwa amemwambia Maka ukweli wenyewe: bila maiti wala mashahidi wawili, yeye bado ni mke wa mtu. Hawezi kukaa eda, mumewe hawezi kusaliwa, na watoto hawawezi kurithi hata mkia wa ngamia.

"Mama Nasteho," Musembi alimwita Maka kwa jina la mwanawe. "Njoo usikie."

Maka alichutama, akauingiza mpini ndani ya mtandio. Nondo ilipofika kichwani, aliomba fundi akanyage mafuta kidogo, asikie vizuri. Alisikiliza mpaka pumzi ilipokatika na sepeto kuanza kuchimba kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, njia ya Hulugho.

"Ni yeye, walahi," alisema. "Hiyo kikohozi ni yake. Hata akilala anakohoa hivyo."

Sheikh aliitwa baada ya adhuhuri. Akauliza shahidi wa pili ni nani, akaambiwa ni difu ya nyuma. Alisita: hizo mbili si za gari moja? Musembi akamfafanulia kwamba kila difu ina nyumba yake na oili yake, na katikati kuna propela, hivyo haziwezi kukaa zikapanga uongo. Sheikh akavua kilemba, akazisikiliza zote mbili. Ya nyuma haikujua lolote kuhusu nondo. Ilijua kuburutwa tu, na ngozi inavyobaki kwenye changarawe, na sepeto. Sheikh alisema mashahidi wa uongo husema maneno yale yale. Hawa aliwakubali.

Jioni ile Maka akavaa nguo nyeupe, akakaa eda. Dagane akasaliwa bila mwili, kwa sababu penye laga kuna kizuizi, na walinzi wa kizuizi ni watu wa Koome. Shemeji zake Maka walipopeleka habari kituoni, karani wa zamu aliuliza namba ya gari. Alipoisikia, akafunika kalamu. Gari hilo, alisema, halihojiwi.

Koome naye alielezwa yote alipokuja kuchukua gari, likiwa limetiwa oili mpya. Hakukasirika. Alisema mama wa watu apewe nafasi aomboleze, akalipa, akaondoka, na alipokata kushoto penye mchanga wauza mbuzi walisogea wakaitikia salamu ya Dagane iliyotoka chini ya gari.

Eda ya Maka haijaisha, Koome akarudi.

"Sasa ziko mbili," alisema.

Musembi akalala chali, akaweka bisibisi, akasikiliza. Sauti ya pili ilikuwa ya mwanamume mzee, na safari hii alikuwa akipigwa kwa minyororo. Musembi alimwomba aseme polepole jina la mkewe na mahali anapokaa. Mzee akasema: Barwaqo, Liboi. Musembi akatoka chini ya gari na kusema kwamba gia bado ni nzima.

"Litanifikisha Hulugho kesho?"

"Litafika, mkubwa. Ila usilibebeshe mzigo mkubwa."

"Hakuna mzigo," alisema Koome, akifunga mlango. "Nina abiria mmoja tu."