Konde Alilorusha Wafula

Wafula hakuletwa Riyadh kushinda. Aliletwa kupigwa. Terrence Boudreaux, bondia wa Kimarekani, alikuwa akijiandaa kwa pambano kubwa kule Jeddah, na kocha wake alitaka mtu wa kufanya naye mazoezi, mwenye mkono wa kushoto mzito kama wa mpinzani. Wafula wa Bungoma alikuwa nao. Lakini bondia aliyemtangulia kazini alitolewa ulingoni kwa machela, taya limevunjika, na tangu aliposikia hivyo Wafula hakuwahi kuvaa glavu bila kwanza kuligusa taya lake.

Asubuhi hiyo, wakiwa mazoezini, Terrence alishusha ulinzi kidogo. Wafula hakufikiri. Mkono wake wa kushoto uliruka, ukatua kando ya sikio, na Mmarekani akaanguka kama gunia.

Mungu wangu, nimeua mtu, Wafula aliwaza.

Terrence akajiinua, akacheka. "Nimeteleza tu."

"Mmesikia?" kocha akawageukia wote. "Ameteleza."

Baadaye Wafula alimkuta Terrence kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akihangaika kuingiza mguu wa kulia katika kiatu cha kushoto. Alikitoa, akakirudia kile kile.

"Ndugu yangu," Terrence alisema kwa ulimi mzito, "leo tunapigana na nani?"

"Hakuna pambano leo."

"Aa, kweli. Ni kichwa tu kinaniuma. Nitalala kidogo. Usimwambie mtu, tafadhali. Maisha yangu yote nimelisubiri pambano hili."

Binamu yake Wafula, Onesmus, naye alisema atalala kidogo, baada ya pambano la Kitale. Walimzika Jumamosi.

Alitoka mbio hadi nje, kwenye gari la Robinson, Mkenya mwenzake aliyewaendesha yeye na wenzake kila siku kutoka mtaa wa Al-Murabba walikolala. Akamweleza.

"Wee, nyamaza!" Robinson alitazama huku na huku. "Pambano likifutwa, kafili aliyekudhamini anafuta ikama, kibali chako cha kukaa hapa. Utalala ndani, bro. Nani atakutoa?"

Wafula alirudi ndani. Mlango wa daktari ulikuwa mwisho wa ukumbi, na kocha alikuwa amesimama katikati ya njia. Alimpita bila kumwangalia, akabisha.

"Daktari, hakuteleza. Mimi nilimpiga. Sasa hajui hata kiatu chake."

Walipomwingiza Terrence kwenye ambulensi alikuwa akipiga kelele: "Umeniua! We mtu, umeniua!" Kisha akatapika, macho yakageuka.

Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu. Walimpasua siku hiyo hiyo, akapona, ila ndondi zilikwisha kwake.

Wafula aliachishwa kazi kwa maneno mawili: "Halas," yaani basi, "nenda." Siku zote alizokuwa akisubiri tiketi ya kurudi nyumbani, mlango wa chumba chao ukigongwa aliruka kitandani, akidhani ni polisi.

Kabla ya kuondoka alikwenda hospitali. Terrence alimwona, akageukia ukuta.

Mama yake Terrence, aliyekuwa amesafiri kutoka Marekani, alimfuata Wafula kwenye korido. Daktari alikuwa amemweleza ni nani aliyebisha mlango wake siku ile. Akamshika mikono yote miwili, akalia. Wafula alitaka kuivuta, hasa ule wa kushoto. Mama hakuiachia.