Mshono Wenye Vinundu

Fundi mchomeleaji mstaafu alifika kwenye maonyesho ya binti yake na koti lake la kazini, na mfukoni kipande cha msasa, maana hakikuwa kimewahi kutoka humo. Alizunguka sanamu zote za chuma na vioo, mikono nyuma, akikagua viungo tu. Vilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, na kichwa kikamvimba kwa fahari.

Lakini kwenye sanamu kubwa kuliko zote, kwenye kiungo kilichobeba vioo vyote, akaona mshono umepinda na umejaa vinundu. Aibu gani hii, mbele za watu! Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachomoa msasa akaanza kusugua.

"Mzee! Hakiguswi kitu hapa!" Mlinzi alimjia juu.

Binti yake akaja mbio. "Baba, acha. Huo mshono si wangu."

"Sasa ni wa nani, huyo mharibifu?"

"Wako. Ndio ule wa mwisho, siku mikono ilipoanza kutetemeka. Ulikitupa kile chuma kwenye chakavu, mimi nikakiokota."

Mzee akavitazama vioo kimoja kimoja.

"Na vyote hivi umeubebesha mshono huu?"

"Vyote, baba. Mwingine sikuuamini."

Akarudisha msasa mfukoni kwa mkono uliokuwa ukimtetemeka, kisha akamgeukia mlinzi kwa ukali.

"Wewe! Simama hapa hapa. Mtu asiguse."